Kukua Kazini: Mchungaji Kijana na Uongozi katika Mji wa Mkwajuni

Kila mwaka, siku za kufunga chuo zinapokaribia, wanafunzi wanaomaliza hutujia na swali moja kwa namna mbalimbali. Hawaulizi juu ya kuhesabiwa haki kwa imani, wala juu ya vitenzi vya Kiyunani. Hayo wamekwisha kuulizwa wao katika mitihani. Wanauliza: "Mwalimu, nikifika huko nianzie wapi?" Tumekuwa tukijibu kwa maneno machache, mara nyingi tukiwa tumesimama mlangoni, na tunakiri kwamba majibu hayo hayakutosha. Makala haya ni jaribio la kujibu tukiwa tumeketi.

Tunaposema kukua hatuna maana ya kupanda cheo. Mtu aweza kuwa mkuu wa jimbo bila kukua hata kidogo tangu siku aliyobarikiwa, na mwinjilisti wa mtaa wa mwisho kabisa aweza kuwa kiongozi aliyekomaa ambaye watu hutembea nusu siku kumfuata kwa shauri. Wala hatutaki kuutenganisha uongozi na ujuzi wa kazi yenyewe. Katika Kanisa kuna udhuru tunaoupenda mno: kwamba sisi tumeitwa, kwa hiyo tusipimwe kama watu wengine wa kazi. Lakini Martin Luther, katika maandiko yake ya mwaka 1520, hakuutumia wito kwa kuwapunguzia mapadre mzigo. Alisema kwamba mshonaji viatu, mhunzi na mkulima, kila mmoja ana kazi na huduma yake mbele za Mungu kama ilivyo kwa askofu. Tukilikubali fundisho hilo, basi na sisi tunaingia katika kundi la wafanyakazi. Kama mhunzi aliyeitwa na Mungu anapaswa kutoa jembe lisilopinda, mchungaji aliyeitwa na Mungu anapaswa kutoa kumbukumbu za kikao zinazosomeka.

Mahali penyewe

Tumechagua kuzungumzia Mkwajuni kwa sababu ushauri usio na mahali hautendeki. Mkwajuni ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika nchi inayoteremka kuelekea Ziwa Rukwa. Msomaji asiyelijua eneo hili aangalie asichanganye majina, kwani mito inayoitwa Songwe ni miwili: huu wa huku unamwaga maji yake Rukwa, na ule wa Ileje na Kyela unapakana na Malawi na kuingia Ziwa Nyasa. Hadi mkoa mpya wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016, eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Chunya katika Mkoa wa Mbeya. Makao makuu ya mkoa yaliwekwa Vwawa, wilayani Mbozi, na Tunduma ikabaki kuwa mji mkubwa wa mpakani, wenye malori, reli ya TAZARA na biashara ya Zambia. Mkwajuni haina hayo. Yenyewe ina dhahabu, ufuta, mifugo na ofisi.

Dhahabu ya nchi ya Lupa ilianza kuvuta watu katika miaka ya 1920. Mgodi wa Saza, ulio jirani, ulifanya kazi hadi mwaka 1956 ukafungwa. Baadaye, mwaka 2012, mgodi wa New Luika ulianza uzalishaji katika wilaya hii hii. Katikati ya migodi hiyo miwili, na mpaka leo, wamekuwapo wachimbaji wadogo na maduara yao. Tena mji ulipofanywa makao makuu ya wilaya, watumishi wa Serikali walihamia na samani zao na watoto wao.

Kwa hiyo mchungaji kijana atakayepangiwa kazi katika mji kama huu, asimamapo madhabahuni siku ya Jumapili, ana mbele yake ofisa wa halmashauri aliyesoma kuliko yeye, mwalimu wa sekondari, muuguzi, mwenye karasha aliye na fedha kuliko usharika mzima, mchimbaji ambaye wiki iliyopita hakula siku mbili, na mama mkulima aliyezaliwa hapo hapo kabla hao wote hawajafika. Tena Walutheri si wengi huku. Wamoravian wametutangulia katika sehemu kubwa ya nyanda hizi, na Wakatoliki wana hospitali yao ya Mwambani ambayo watu wa madhehebu yote hutibiwa. Mchungaji wetu atalinganishwa na wengine, na hana budi kulijua jambo hilo bila kuliogopa.

Kutazama kabla ya kutengeneza

Kosa la kwanza la kiongozi mpya ni haraka ya kuonekana. Anafika Jumatano, Jumapili amebadili saa ya ibada, Jumapili ya pili ameunda kamati ya ujenzi. Nehemia alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku pamoja na watu wachache kuzikagua kuta zilizobomoka, na wakuu wa mji hawakujua alikokwenda (Neh. 2:11-16). Tunalipenda sana neno lake la kuwahimiza watu wajenge. Tunasahau kwamba lilitanguliwa na ukaguzi wa kimya.

Tunamshauri mchungaji kijana atumie miezi mitatu ya kwanza kutazama. Asome daftari la ubatizo tangu ukurasa wa kwanza, kwa maana humo ataona koo zilizouanza usharika na miaka ambayo watu walipungua. Kisha aulize ni kwa nini walipungua. Asome kumbukumbu za vikao vya miaka mitano. Atembelee kila mtaa, na mitaa ya mbali aitembelee kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja kuharibu barabara. Katika kila nyumba ya mzee wa kanisa aulize maswali machache yasiyobadilika: ni jambo gani mliahidiwa na halikutendeka? Ni nani aliumizwa hapa na hajatulizwa? Ni kitu gani hamtaki nikiguse? Swali hili la mwisho ni la thamani kuliko yote, na sisi hatukufundishwa kuliuliza.

Pia ajifunze kazi za watu. Mchungaji wa Mkwajuni asiyejua tofauti ya duara na mwalo, asiyejua namna mawe yanavyogawanywa kwa mifuko kati ya mwenye duara, wafanyakazi na mwenye shamba, hataelewa ugomvi utakaoletwa ofisini kwake. Asiyejua kwamba moshi wa zebaki inayochomwa ili kupata dhahabu ni sumu, atawaombea wanawake wanaoichoma jikoni bila kuwaambia neno la kuwasaidia. Kujifunza huku ni sehemu ya kazi kama ilivyo fafanuzi ya Maandiko.

Katika mkoa huu huu kuna mfano wa kale ambao unastahili kukumbukwa na watu wa Kanisa lolote. Traugott Bachmann, mmisionari wa Moravian, alifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899 miongoni mwa Wanyiha, akakaa huko hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipoyafikia maeneo hayo mwaka 1916. Alikuwa amekuja na makatazo mengi. Kadiri miaka ilivyopita, na kadiri alivyoingia ndani ya lugha ya Kinyiha, alianza kuwauliza wazee Wakristo mambo ambayo hapo mwanzo alikuwa akiwaamuru. Katika suala la wenye wake wengi waliotaka ubatizo alibadili msimamo wake, akaacha kudai kwamba mtu awafukuze wake zake kwanza. Na jambo hilo halikuwapendeza wenzake wote. Kumbukumbu za maisha yake zina jina linalosema kwamba alisababisha makwazo mengi, na neno la Kijerumani lililotumika hapo lina maana mbili: kumkwaza mtu, na kukisukuma kitu ili kianze kwenda. Hatuna haja ya kukubaliana na Bachmann katika kila jambo. Tunachokiona ni mtu mzima, mwenye madaraka na elimu, aliyebadilika kwa sababu alikaa mahali pamoja akasikiliza.

Jambo lililotupata

Hapa hatuna budi kuandika habari yetu wenyewe, ingawa si ya kujisifu.

Tulipokuwa katika usharika wetu wa kwanza, ambao hatutautaja, tulikuwa na mwinjilisti wa mtaa wa mbali aliyetuzidi umri kwa zaidi ya miaka ishirini. Taarifa zake za fedha hazikufika kwa miezi mitatu. Tulimkumbusha kwa barua mara mbili, naye hakujibu. Katika kikao cha baraza la wazee tulimsimamisha, tukasoma tarehe za barua zetu, kisha tukauliza mbele ya wote kama alidhani sadaka ni mali yake. Alisimama, akavua kofia, akasema, "Nimesikia, Mchungaji," akaketi. Wiki iliyofuata alimtuma kijana wake kurudisha vitabu vya mtaa pamoja na baiskeli ya usharika.

Mhazina alipofungua mfuko aliokuja nao yule kijana alikuta fedha zote. Zilikuwa zimefungwa katika vitambaa, kila mwezi na kitambaa chake, na ndani ya kila kitambaa kijikaratasi chenye hesabu ya kila Jumapili kwa mwandiko wa kutetemeka. Hakuna senti iliyopungua. Kilichokosekana kilikuwa ni fomu. Mwaka ule tulikuwa tumepokea fomu mpya zenye safu nyingi, nasi tuliwagawia wainjilisti baada ya ibada, tukiwa tumesimama, bila kueleza neno. Yule mzee hakuielewa, na aliona haya kumwuliza kijana wa umri wa mwanawe.

Tulikwenda kwake. Mkewe alitukaribisha, akatupa maji ya kunywa, akatuambia mzee yuko shambani. Tulimsubiri hadi jioni, tukamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mchungaji, ulinisema mbele ya watu." Hakuongeza neno. Tulielewa kwamba radhi ya nyumbani haikuweza kulipa deni la barazani. Ilituchukua wiki tatu kupata ujasiri wa kusimama katika kikao kile kile na kusema kwamba tulimshutumu mtu mwaminifu kwa uzembe uliokuwa wetu. Mzee alirudi kazini na tukafanya kazi pamoja kwa miaka minne. Lakini kabla ya siku ile alikuwa na desturi ya kupita kwetu kila Jumamosi na kutupa habari za mtaa: nani mgonjwa, nani ameacha kuja, nani amegombana na nani. Desturi hiyo haikurudi. Alileta fomu zilizojazwa vizuri, akaaga, akaenda zake.

Tumeyaandika haya kwa sababu vitabu vya uongozi huzungumza juu ya kukosea kana kwamba kila kosa likitubiwa hufutika. Msamaha tulipewa, na tunauamini. Mazungumzo ya Jumamosi yalipotea, na kwa miaka minne tuliongoza mtaa ule tukiwa nusu vipofu.

Tangu hapo tumejiwekea taratibu chache. Kosa la mfanyakazi tunalizungumza naye peke yake kwanza, kama Bwana alivyoagiza juu ya ndugu aliyekosa (Mt. 18:15), na tunaanza kwa kuuliza kabla ya kushutumu: imekuwaje? Chombo chochote kipya cha kazi, kiwe fomu, daftari au simu, tunakifundisha tukiwa tumekaa, na kila mtu anakijaribu mbele yetu mara moja. Kwa wanaotuzidi umri tunakwenda sisi, hatuwaiti. Tena tumejifunza kwamba usharika ni mwajiri. Una walinzi, walimu wa chekechea, wahudumu wa ofisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu ya haki na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na inataka masharti ya kazi yaandikwe. Tumewahi kuwasikia viongozi wa Kanisa wakishangaa kwamba sheria hii inawahusu. Ni jambo la kuhuzunisha ikiwa mlinzi wa kanisa atapata haki yake mbele ya msuluhishi wa Serikali baada ya kuikosa mbele ya baraza la wazee.

Taifa letu lenyewe lilipata kulitazama tatizo hili la dharau kazini. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara yake ya 15, uliwaonya viongozi juu ya kiburi, dharau na uonevu, na katika miaka miwili iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waliishika ibara hiyo mkononi walipowakataa mameneja wao. Mambo hayakwisha vizuri kwa wote. Hata hivyo, wale wafanyakazi walikuwa wameona jambo ambalo wengi wetu hatulioni, kwamba namna ya kumsemesha mtu ni sehemu ya uendeshaji wa kazi na wala si pambo lake.

Watumishi wa Serikali waliomo katika sharika zetu wanaujua mfumo wa wazi wa kupima utendaji, OPRAS, ulioanza kutumika mwaka 2004, na huu wa kielektroniki uitwao PEPMIS uliokuja kuushika mwaka 2023. Wengi hutuambia kwamba fomu zile zilijazwa kwa haraka mwishoni mwa mwaka wa fedha, bosi na mtumishi wakitia sahihi bila kuzungumza. Hatuwacheki. Wazo lenyewe ni jema, na mchungaji aweza kulitumia bila fomu yoyote: mara mbili kwa mwaka akae na kila mfanyakazi wa usharika kwa saa moja, amwulize kazi gani imekwenda vizuri, ipi imekwama, na yeye mchungaji amemzuia wapi. Katika swali la tatu avumilie kimya. Jibu la kweli huchelewa kuja.

Fedha, dhahabu na kalamu

Mtume Paulo alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakukubali kuushika peke yake. Alitaka awepo ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe na mtu, na kazi ionekane kuwa njema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia (2 Kor. 8:19-21). Tunaomba maneno hayo ya mwisho yaangaliwe sana. Mchungaji mwaminifu asiye na hati hawezi kujitetea, hata kama Mungu anamjua.

Katika mji wa machimbo jambo hili ni la hatari zaidi kuliko mahali pa mishahara. Fedha ya dhahabu haina mwezi wala tarehe. Duara likitoa, mchimbaji huja Jumapili na bahasha nene, na usharika uliokuwa ukihangaika na bati ishirini unaona bati mia mbili mara moja. Duara likikauka, mtu yule yule hana nauli. Basi kiongozi anayepanga bajeti kwa kipimo cha mwezi wa neema atawadai watu katika mwezi wa njaa. Ushauri wetu ni kwamba matumizi ya kawaida ya usharika yapimwe kwa sadaka za miezi dhaifu, na vipato vikubwa visivyotarajiwa viwekwe benki kwa ajili ya kazi moja iliyokwisha kuamuliwa na baraza kabla fedha haijaja.

Kuna jaribu la hila zaidi. Mtoaji mkubwa haombi kitu. Anaanza tu kupigiwa simu kabla ya kikao. Kisha kikao kinaahirishwa kwa sababu yuko machimboni. Mwaka unapita, na wazee wanagundua kwamba uamuzi wa usharika unafanyika sebuleni kwa mtu mmoja. Mchungaji kijana hawezi kulizuia jambo hili siku lilipokwisha kukomaa. Alizuie siku ya bahasha ya kwanza, kwa kumpa mtoaji stakabadhi kama ile ile anayopewa mama aliyeleta debe la mahindi, na kwa kumtembelea mama huyo wiki ile ile.

Yatokea pia kwamba mtu analeta dhahabu yenyewe, chembe chache katika karatasi. Moyo wa mchungaji huguswa, na ndivyo inavyostahili. Hata hivyo asiitie mfukoni aende kutafuta mnunuzi. Tangu mwaka 2019 biashara ya dhahabu ya wachimbaji wadogo imewekewa masoko ya madini yanayosimamiwa na Serikali, na kuiuza pembeni ni kosa. Ni busara kumwomba mtoaji aiuze yeye mwenyewe sokoni kwa njia halali, kisha alete fedha. Akikataa kwa kuwa ameiweka nadhiri kuitoa kama ilivyo, basi ipimwe mbele ya wazee wawili na mhazina, uzito uandikwe, wote watie sahihi, na mtoaji mwenyewe aandamane na mhazina hadi sokoni. Tunajua kwamba utaratibu huu unachosha.

Juu ya kalamu tutasema machache. Kumbukumbu za kikao ziandikwe siku ile ile; ziseme nini kimeamuliwa, nani atakitenda, na lini. Barua ijibiwe katika siku saba, hata kama jibu ni kwamba jibu halijapatikana. Saa ya ibada iliyotangazwa iheshimiwe na mchungaji kabla ya kuwadai wengine waiheshimu. Nambari za simu za waumini, na mambo waliyoungama, visikae katika daftari linaloachwa juu ya meza.

Kugawa kazi na kuendelea kusoma

Yethro alimwona mkwewe Musa akiketi kuamua watu tangu asubuhi hata jioni, naye hakumsifu kwa bidii yake, alimwambia kwamba atajichosha yeye na watu wake (Kut. 18:13-23). Ni vyema kukumbuka kwamba shauri hili lilitoka kwa mgeni, kuhani wa Midiani, na Musa alilipokea. Wachungaji wengi tunagawa kazi kwa jina tu: tunampa mzee wa kanisa jukumu bila fedha, bila funguo na bila mamlaka ya kuamua, kisha tunalalamika kwamba wazee wa siku hizi hawajitumi.

Katika maduara kuna desturi ambayo imetufundisha. Kabla ya zamu kushuka, msimamizi mwenye uzoefu hutangulia kukagua matimba, yaani miti inayoshikilia kuta zisiporomoke. Akiridhika, watu hushuka, naye haendi kuwashikia nyundo. Anabaki juu karibu na kamba, anasikiliza. Mchimbaji mgeni hafanywi msimamizi kwa sababu ana nguvu. Anashuka na wenzake misimu kadhaa kwanza, hadi ajue mwamba unavyolia kabla ya kuvunjika. Tungependa kuona mwenyekiti wa vijana akilelewa hivyo: msimu mmoja aandamane na mchungaji, msimu wa pili aongoze mchungaji akiwapo, msimu wa tatu aongoze peke yake na kuleta habari.

Kuhusu kusoma, tunajua ugumu wake. Vitabu ni ghali, umeme hukatika, na misiba haina ratiba. Lakini Luther na wenzake walipozikagua sharika za Saksonia mwaka 1528 walikuta wachungaji ambao hawakuweza kufundisha, na katekisimu mbili za mwaka 1529 zilitokana na masikitiko hayo. Wale wachungaji nao walikuwa wamepata kufundishwa wakati fulani. Elimu isiyoongezwa hupungua. Mchungaji ajitengee asubuhi mbili kwa wiki, awaambie wazee waziwazi kwamba saa hizo yuko kazini ingawa ameketi na kitabu. Tena atafute mtu mmoja wa kumsahihisha. Apolo alikuwa fundi wa kunena na mwenye nguvu katika Maandiko, lakini Prisila na Akila walimchukua kwao wakamweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi (Mdo. 18:24-26), wala hawakumwumbua katika sinagogi. Katika mji kama Mkwajuni Prisila wake aweza kuwa mwalimu mkuu mstaafu aketiye benchi la tatu. Na kama mchungaji mwenzake wa karibu ni Mmoravian, anywe chai naye. Hakuna kanuni ya Kanisa inayokataza chai.

Kukabidhi

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika nyanda zetu mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa, na hatimaye wakaondolewa nchini; wa Berlin na wa Moravian hawakurudi kusini hadi katikati ya miaka ya 1920. Wamisionari wa Kiskoti kutoka Nyasaland walisaidia kwa kadiri ya uchache wao. Ibada, shule na mazishi vilishikwa na walimu na wazee Waafrika ambao, kwa sehemu kubwa, hawakuwa wamepewa cheo. Mwaka 1940 mambo yakarudia. Mara zote mbili palidhihirika ni wapi wamisionari walikuwa wamewaandaa watu na ni wapi walikuwa wamejifanyia kila kitu wenyewe.

Wengine walijiondoa kwa hiari. Bengt Sundkler wa Uswidi alipokuwa askofu katika Kanisa la Buhaya, ambalo leo ni Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, alikaa miaka mitatu tu, tangu 1961 hadi 1964, akampisha Josiah Kibira. Mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, Kibira alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Uhamisho wa mchungaji wa kawaida hauna ukubwa huo, na pengine ndiyo sababu tunaufanya vibaya. Wauguzi hawaondoki wodini kabla ya kumweleza wa zamu inayofuata hali ya kila mgonjwa. Sisi tunapakia vyombo katika lori usiku na kuacha funguo kwa mlinzi. Anayehama Mkwajuni, au kokote, aandike taarifa ya kukabidhi na kuitia sahihi pamoja na mrithi wake na mzee mmoja: mali iliyopo, madeni, fedha benki, kesi za ndoa zisizokwisha, wagonjwa wa kutembelewa, ahadi alizozitoa na hakuzitimiza. Kisha akae siku mbili zaidi, azunguke mitaa na mgeni wake, na katika kila mtaa amtambulishe kwanza kwa mwinjilisti, hasa yule aliyemkosea, na mbele ya watu wamsikie akimsifu.